Robo Mzunguko

Ni la zambarau, lenye chembe za kumetameta
alizozichagua mwenyewe kwa kidole, kwa Daktari Wasiluk,
Kalina wangu, miaka saba na miezi miwili,
aliyeulizwa anataka bamba la rangi gani
wala hakuulizwa anataka kulala nyumba ipi.

Katikati ya bamba pana skrubu, ndogo kama mbegu ya tikiti,
na mshale unaoelekea kooni.
Unachomeka ufunguo, unasukuma: robo mzunguko,
kaakaa linapanuka kiasi ambacho jicho halikioni.
Mfupa wa mtoto haujashupaa, daktari alisema,
unasikia ukiambiwa.
Wa mtu mzima hausikii hadi kisu kiingie.
Nilimtazama Bogna.
Bogna aliitazama picha ya eksirei.

Basi Jumatano ni yangu, hapa Bojary, juu ya duka la mikate;
Jumamosi ni ya mama yake, kule Antoniuk.
Kijidaftari husafiri pamoja na kijisanduku cha bamba,
tarehe, sahihi, tarehe, sahihi,
kama walinzi wawili wa ghala moja
wanaopokezana zamu bila kupeana mkono.

Wiki ya kwanza mate yalilowanisha mto.
"Baba, shitaki shupu."
Nikamuuliza tuishitaki wapi, supu ya bitiruti,
na hakimu atakuwa nani.
Hakucheka. Shuleni Gniewko alikuwa amemwiga siku nzima.
Ulimi wake, usio na mfupa, ulipapasa chumba kipya,
ukajigonga ukutani, ukarudi, ukajigonga tena.
Siku ya nane ukaijua njia.

Kazini mimi hupima vioo vya madirisha.
Milimita mbili zikizidi, kioo hakiingii;
zikipungua, baridi ya Białystok inaingia bila hodi.
Nilidhani najua kupima.

Februari nilisahau. Niseme kweli:
theluji, mteja mwenye kelele, kioo kilichopasuka njiani,
nikamkuta amekwisha lala, kinywa wazi,
nikatia sahihi bila kuzungusha.
Jumatano iliyofuata nikazungusha mara mbili
ili hesabu isinisute.
Akashika mzizi wa pua. "Inabana huku juu, nyuma ya macho."
Bamba likakataa kukaa, likawa linachezacheza
kama mguu wa meza mbovu,
na Bogna alipopiga simu kuuliza,
nikasema, labda ni Jumamosi zako.

Usiku ule sikulala. Saa kumi waokaji walianza kazi chini,
harufu ya mkate ikapanda ngazi,
nikafungua kijidaftari, nikaandika:
*Tarehe kumi na mbili sikuzungusha. Sahihi ile ni ya uongo.
Jana nilizidisha.*
Kalamu ilikuwa ya kupimia vioo, nene mno;
wino ukatokeza ukurasa wa pili.

Kijidaftari kilirudi. Chini ya maneno yangu, kwa mwandiko ulioinama:
*Na mimi, tarehe ishirini na tano Januari.
Nimempigia Wasiluk. Turudishe nyuma robo moja, tusubiri wiki.*
Hakuongeza neno. Mimi nilitafuta hadi kwenye jalada.

Machi, meno mawili ya mbele yakaachana kidogo.
Ni mwanya. Kuna watu wangeuimbia sifa mwanya ule;
daktari anasema utajifunga wenyewe, tusiwe na wasiwasi,
nami sijui kama nataka ujifunge.

Leo kituoni, theluji imegeuka tope.
Kalina anatoa bamba, analipangusa kwa skafu (tumemkataza),
anafungua kinywa.
Bogna anawasha taa ya simu.
Ninainama, naye anainama, vipaji vya nyuso karibu vigusane,
watu wazima wawili juu ya kinywa kimoja chenye mvuke,
tukitafuta milimita.

"Mmemaliza?" anasema Kalina, na kila herufi iko mahali pake.
"Nasikia baridi. Nafunga."

Lakini taa bado inawaka.